Jinsi ya Kuchagua Neno la Kiingereza kwa Kila Aina ya Mkanganyiko: Mwongozo Kamili

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeandika Kiingereza kazini, darasani au katika kazi ya tafsiri hukimbilia neno “confused” kila anapokutana na hali ambayo kwa lugha yake angesema mtu amechanganyikiwa. Neno hilo ni zuri, lakini halina upana wa kitenzi chetu. Kwa Kiswahili mtu huchanganyikiwa na hesabu ngumu, na madeni, na msiba, na mapenzi, na hata furaha ya kufaulu mtihani. Kiingereza kimezigawia hali hizo maneno tofauti, na katika nyingi kati yake “confused” hupotosha maana kabisa. Mwingereza akisoma kwamba mama fulani “was confused after her son's death”, ataelewa kwamba mama huyo hakujua vizuri kilichotokea, na uchungu uliokusudiwa na mwandishi hautamfikia.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya wanafunzi, walimu, wafasiri, waandishi wa habari, makarani na wahudumu wa afya wanaotaka Kiingereza chao kiseme kile hasa walichokiona. Njia ninayoipendekeza ni kuanza na hali yenyewe kabla ya neno: utambue kwanza kilichovurugika ni kitu gani, kisha upime uzito wake, ndipo uchague neno. Kamusi ya lugha mbili ifunguliwe mwishoni, kwa sababu ukiianza nayo itakupa “confused” na kukuacha papo hapo.

Hatua ya 1: Tambua kilichovurugika

Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize ni kitu gani hasa kimevurugika katika habari unayoieleza. Huenda ni uelewa, yaani mtu ameshindwa kupata maana ya jambo. Huenda ni utulivu wa moyo, ambapo mtu anaelewa vizuri sana kilichompata na ndiyo maana amehaha. Inawezekana ni fahamu yenyewe, kama kwa mgonjwa asiyejua yuko wapi. Pengine mtu amekiona kitu kimoja akadhani ni kingine, au yuko njia panda na hajaamua, au maandishi anayoyasoma ndiyo mabovu, au mahali penyewe pamejaa vurugu ingawa kila mtu aliyepo ana akili timamu. Hizi ni hali saba, na kila moja ina ukoo wake wa maneno katika Kiingereza.

Swali hilo linakusaidia pia katika sarufi, kwa sababu litakuonyesha kama mkanganyiko umo ndani ya mtu au umo ndani ya jambo. Kiingereza hutenganisha hayo mawili kwa kiambishi cha mwisho: mtu ni “confused”, “puzzled”, “baffled”, ilhali jambo ni “confusing”, “puzzling”, “baffling”. Kiswahili nacho hufanya hivyo kupitia kauli za vitenzi, kwani mtu hutatanika na jambo hutatanisha, mtu hutatizika na jambo hutatiza. Ukitaka kusema maelekezo yalikutatiza, andika “The instructions were confusing” au “I was confused by the instructions”. Anayeandika “I am confusing” anajitangaza kuwa yeye ndiye anayewatatiza wengine, na kosa hilo nimelikuta katika barua za watu wenye elimu kubwa.

Angalia pia vihusishi. Chanzo cha mkanganyiko huletwa na “by”, na mada yake huletwa na “about”: “I was confused by his answer” maana yake jibu lake ndilo lililonitatiza, na “I am confused about the deadline” maana yake sina hakika na tarehe ya mwisho, hata kama hakuna aliyesema neno.

Hatua ya 2: Kama ni uelewa uliokwama, pima mtu amefika wapi katika kutafuta jibu

Huu ndio ukoo mkubwa zaidi, na ndio unaostahili subira. Maneno yake hutofautiana kwa jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi: yanaonyesha mtu amehangaika kiasi gani kutafuta jibu na moyo wake ukoje wakati huo.

“Puzzled” ni mtu aliyekutana na jambo lisiloingia akilini naye bado anaendelea kulifikiria. Ndani yake mna udadisi zaidi ya uchungu. Mwalimu akiona mwanafunzi hodari amepata alama za chini bila sababu inayoonekana, atasema “I was puzzled by her results”. Neno hili ni la heshima na linafaa ofisini, kwa sababu halimlaumu mtu yeyote. Linasema tu kwamba kuna kitu hakijaelezeka.

“Perplexed” ni hatua moja mbele. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kusokotana au kufungamana, na mpaka leo linabeba picha ya jambo lenye nyuzi nyingi zilizoshikana, pamoja na wasiwasi kidogo. Hufaa katika maandishi rasmi, hasa pale mtu anapokabiliwa na uamuzi au mwenendo wa mtu mwingine asioweza kuufafanua: “The committee was perplexed by the minister's silence”. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili husikika zito mno.

“Baffled” ni yule aliyejaribu akashindwa. Magazeti ya Kiingereza hulipenda sana kwa wataalamu, wapelelezi na madaktari, kwa sababu nguvu ya neno iko hapo: aliyestahili kujua hakujua. “Doctors were baffled by the symptoms” inaeleza kwamba vipimo vilifanyika na majibu hayakupatikana. Kwa hiyo usilitumie kwa mtu ambaye hajaanza hata kulitafakari jambo.

“Stumped” ni karibu na “baffled”, lakini ni la mazungumzo na mara nyingi hufuata swali au fumbo mahususi: “The last question stumped everyone in the class”. Kwa Kiswahili tungesema swali lile liliwashinda wote. “Flummoxed”, lililoingia katika Kiingereza cha maandishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, lina ladha ya uchangamfu na halifai katika ripoti ya ukaguzi au hukumu ya mahakama. “Mystified” hutumika pale jambo linapokuwa na sura ya siri, kana kwamba kuna kitu kimefichwa.

Pamoja na maneno hayo, jifunze vielezi vinavyoambatana nayo. Mtu anaweza kuwa “a bit confused” au “slightly puzzled”, kwa maana maneno hayo yana ngazi. Lakini “baffled” tayari limefika kileleni, kwa hiyo Waingereza husema “completely baffled” au “utterly baffled”, na ni nadra kusema “very baffled”. Tofauti hii ni ndogo, lakini ndiyo inayomfanya msomaji ahisi kwamba mwandishi anaifahamu lugha.

Hatua ya 3: Kama ni moyo uliovurugika, achana na “confused”

Hapa ndipo makosa mengi ya maana hutokea, na naomba msomaji asiharakishe. Kitenzi kuchanganyikiwa hutumika sana kwa hisia kali, na hisia kali kwa Kiingereza hazimo katika ukoo wa “confused”.

Mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba ni “distraught”, au kwa maneno marefu zaidi “beside herself with grief”. Aliyechanganyikiwa kwa madeni na majukumu ni “overwhelmed”, na akiwa amefika mwisho wa uwezo wake wa kubuni njia ya kujinasua, ni “at his wits' end”. Mzazi ambaye mtoto hajarudi nyumbani na giza linaingia ni “frantic” au “out of her mind with worry”. Aliyechanganyikiwa kwa furaha ni “overjoyed” au “beside himself with joy”. Kijana aliyechanganyikiwa na binti wa jirani ni “infatuated”. Na pale jamii inaposema fulani amechanganyikiwa ikimaanisha ugonjwa wa akili, Kiingereza rasmi cha leo husema “he has a mental illness”, au hutaja ugonjwa wenyewe ikiwa umethibitishwa na daktari. Kumwita “mad” au “crazy” katika maandishi ni kumvunjia heshima, na kumwita “confused” ni kuuficha ukweli.

Kiswahili kina maneno mengine mazuri ya moyo uliotikisika, na kila moja lina mwenzake anayelikaribia. Kubabaika mbele ya watu kwa sababu ya haraka au aibu ni “to be flustered”. Shahidi aliyeulizwa maswali mfululizo akaanza kujikanyaga ni “flustered”, hata kama anajua majibu yote. Kupigwa na butwaa ni “to be stunned” au “dumbfounded”: mtu ameelewa alichosikia, lakini kimemzidi hata akakosa la kusema. Kiwewe kinachomkumba mtu katika hatari ni “panic”, na aliyekipata ni “panic-stricken”. Kutapatapa ni “to flounder”, na hutumika vizuri kwa kiongozi au taasisi inayojaribu hiki na kile bila mpango.

Kati ya uelewa na moyo limesimama neno “bewildered”, na ni miongoni mwa maneno yenye manufaa makubwa kwa mwandishi wa habari na wa simulizi. Linatokana na wazo la mtu kupelekwa nyikani akapotea, na hutumika pale vitu vingi vinapomjia mtu kwa wakati mmoja hata asijue ashike kipi. Mtu anayefika Kariakoo kwa mara ya kwanza siku za kuelekea sikukuu, katikati ya mikokoteni, wapiga debe, bodaboda na bidhaa zilizotandazwa kila upande, yuko “bewildered”. Hakuna swali moja linalomshinda, kwa hiyo “puzzled” isingefaa, wala hana msiba wa kumfanya awe “distraught”. Ameelemewa na wingi wa yanayoonekana na kusikika.

Hatua ya 4: Kama ni fahamu, tumia maneno ya kitabibu kwa uangalifu

Waswahili wengi wanafanya kazi ya uuguzi na utunzaji wa wazee Uingereza na Marekani, na wengine wengi huandika taarifa za wagonjwa kwa Kiingereza katika hospitali za Afrika Mashariki. Kwao neno “confused” si neno la kawaida tena, ni istilahi yenye alama zake.

Katika kipimo cha fahamu kiitwacho Glasgow Coma Scale, kilichochapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, jibu la maneno hupewa alama 1 hadi 5. Mgonjwa anayejua yeye ni nani, yuko wapi na ni wakati gani ni “orientated”, naye hupata 5. Anayezungumza sentensi zinazosikika lakini majibu yake hayalingani na ukweli wa mahali au wakati ni “confused”, na hupata 4. Anayetamka maneno yasiyohusiana na mazungumzo hupata 3. Katika NEWS2, mfumo wa kutambua wagonjwa wanaozidiwa uliotolewa na Royal College of Physicians ya London mwaka 2017, mkanganyiko mpya wa fahamu huongeza alama 3 mara moja, na hizo peke yake zinatosha kuwafanya wahudumu wamtazame mgonjwa kwa haraka. Muuguzi anayeandika “patient is confused” kwa maana kwamba mgonjwa hakuelewa jinsi ya kumeza dawa atakuwa ameanzisha taharuki isiyo ya lazima. Katika hali hiyo aandike “patient did not understand the instructions”.

Tofautisha pia maneno matatu yanayofuatana. “Disoriented”, ambalo Uingereza huandikwa mara nyingi “disorientated”, ni mtu aliyepoteza mwelekeo wa mahali, wakati au watu. Marubani nao hulitumia kwa hali ya kutojua ndege imeinama upande gani ndani ya wingu. “Delirious” ni mgonjwa ambaye fahamu yake imevurugika ghafla na hali hiyo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi, homa kali, upungufu wa maji mwilini au dawa. Anayeweweseka kwa malaria kali yumo humu. “Dementia” ni kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra kunakokuja polepole kwa miezi na miaka. Kumwandikia mzee “dementia” wakati ameanza kuweweseka jana jioni ni hatari, kwa sababu tatizo linaloweza kutibika litachukuliwa kuwa ni uzee wake. Kama huna hakika na istilahi, eleza ulichokiona: “Since last night he has not recognised his daughter and does not know where he is”. Daktari atafaidika zaidi na sentensi hiyo.

“Dazed” ni jepesi kuliko hayo yote. Ni mtu aliyegongwa kichwani au kupata mshtuko, anatembea lakini hajarudiwa vizuri na akili.

Hatua ya 5: Kama ni kukosea kitu kimoja kwa kingine

Tuna usemi mzuri wa kila siku: “Samahani, nimekufananisha.” Kiingereza chake ni “Sorry, I mistook you for someone else”, au kwa wepesi zaidi, “I thought you were someone else”. Hakuna “compare” wala “resemble” hapo, ingawa kitenzi kufananisha kinamvutia mfasiri kuelekea huko.

Kanuni ni kwamba “mistake” huenda na “for”, na “confuse” huenda na “with”. “She mistook the salt for sugar” inaeleza tukio moja: alichukua chumvi akidhani ni sukari. “People often confuse weather with climate” inaeleza tabia ya kutotenganisha mambo mawili. “Mix up” ni ya mazungumzo na hufaa zaidi pale vitu viwili vilipobadilishana nafasi, kama majina ya mapacha au matokeo ya maabara. Nomino yake, “a mix-up”, ni ya upole na haitoi lawama nzito: “There was a mix-up over the time” ingemfaa mwenyeji ambaye mgeni wake alisikia “saa tatu” akadhani ni “three o'clock”, ilhali mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi ya Kiswahili, yaani “nine o'clock”. Jihadhari na “mixed up in”, kwa kuwa maana yake ni kujiingiza katika jambo baya: “He got mixed up in smuggling” si mtu aliyekosea, ni mtu aliyejihusisha na magendo.

Katika sheria ya alama za biashara, “confusion” halibadilishwi kwa neno jingine. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, inazuia kusajili alama inayoweza kudanganya au kuleta mkanganyiko kwa wanunuzi, na maneno yanayotumika humo ni “likely to deceive or cause confusion”. Mfasiri wa nyaraka za namna hiyo asijaribu kupamba. Neno la sheria hubaki kama lilivyo kila linapojirudia.

Hatua ya 6: Kama mtu hajaamua

Tukisema mtu yuko njia panda, kwa Kiingereza yeye ni “torn between” mambo mawili, au “undecided”. “Ambivalent” ni yule mwenye hisia mbili zinazopingana juu ya jambo lilelile, kwa mfano anayeipenda kazi yake na kuichukia kwa wakati mmoja. Msichana aliyepata nafasi katika vyuo viwili hayuko “confused”. Anaelewa vyuo vyote viwili vizuri. Andika “She is torn between the two universities”.

Hatua ya 7: Kama maandishi ndiyo yenye kasoro, taja kasoro yenyewe

Kusema waraka ni “confusing” kunamweleza mwandishi wake kwamba umeshindwa kuuelewa, lakini hakumsaidii kuurekebisha. Ndiyo maana wahariri, wanasheria na walimu wazuri hutumia maneno mahususi zaidi, nami nawahimiza wote wanaosahihisha kazi za wengine wafanye hivyo.

“Ambiguous” ni sentensi yenye maana mbili au zaidi zinazoweza kutenganishwa. Chukua maneno “watoto wa walimu wapya”: je, wapya ni watoto au ni walimu? Sarufi inaruhusu yote mawili, kwa hiyo maneno hayo ni “ambiguous”. “Vague” ni tofauti, kwani hakuna maana mbili, ipo moja isiyo na mipaka. Tangazo linalosema malipo yatafanyika hivi karibuni ni “vague”, na dawa yake ni kuandika tarehe. Tofauti hii ina uzito mahakamani, kwa kuwa katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria za Kiingereza, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ipo kanuni kwamba kifungu cha mkataba kilicho “ambiguous” kinaweza kutafsiriwa dhidi ya yule aliyekiandika.

“Contradictory” ni maandishi yanayojipinga, ukurasa mmoja ukisema hivi na mwingine ukisema vile. “Convoluted” ni maelezo yaliyozungushwa mno. “Obscure” ni yasiyoeleweka kwa sababu yamejificha au yanajulikana na wachache. “Garbled” ni ujumbe ulioharibika njiani, kama simu inayokatika au tafsiri ya mashine iliyovuruga mpangilio wa maneno.

Hapa lazima nilizungumzie neno utata, ambalo linawakosesha sana waandishi wa habari wanaotafsiri kutoka Kiswahili. Sentensi yenye utata ni “an ambiguous sentence”. Bao lenye utata ni “a controversial goal”, kwa kuwa watu wanabishana kama lilikuwa halali. Kifo chenye utata ni “a death in suspicious circumstances”, au “an unexplained death” ikiwa hutaki kuashiria uhalifu kabla ya uchunguzi. Mfasiri akiandika “a confusing death” au “an ambiguous goal”, msomaji atashangaa. Neno sintofahamu nalo lina sura mbili: sintofahamu kati ya watu wawili ni “a misunderstanding”, na sintofahamu juu ya mustakabali wa jambo ni “uncertainty”.

Hatua ya 8: Kama ni vurugu ya mahali

Hatua hii ni fupi. “Disorder” ni kukosekana kwa utaratibu, na ni neno la polisi na serikali. “Chaos” ni vurugu kamili. “Commotion” ni kelele na pilikapilika za muda mfupi, karibu na tafrani. “Pandemonium”, jina ambalo mshairi John Milton alilibuni mwaka 1667 kwa makao ya mashetani, leo hutumika kwa kizaazaa chenye makelele ya watu wengi. “Shambles” ni la Kiingereza cha Uingereza zaidi, nalo huelezea kazi au mpango ulioharibika ovyo. “Mayhem” lina harufu ya madhara, kwa hiyo usilitumie kwa darasa lenye kelele tu.

Hatua ya 9: Epuka maneno yanayomgawa msomaji

“Nonplussed” linatokana na Kilatini chenye maana ya “hakuna zaidi”, na kwa desturi ni mtu aliyeshikwa na mshangao hata asijue la kufanya. Lakini Amerika Kaskazini wengi sasa hulitumia kwa maana iliyo kinyume, yaani mtu ambaye hakutikisika hata kidogo. Ukiliandika kwa wasomaji wa pande zote mbili, nusu yao wataelewa visivyo. “Bemused” nalo lilikuwa na maana ya aliyetatizika, na sasa wengi hulielewa kuwa ni aliyefurahishwa kidogo, kwa sababu linafanana na “amused”. Ushauri wangu ni kuyaelewa maneno haya unapoyasoma na kutoyaandika.

“Discombobulated” ni la utani, lililozaliwa Marekani katika karne ya 19. Uwanja wa ndege wa Milwaukee una bango lililowekwa mwaka 2008 linaloita eneo la kuvalia viatu na mikanda baada ya ukaguzi “Recombobulation Area”. Linapendeza katika barua kwa rafiki.

Hatua ya 10: Chunga adabu

Kumwambia mtu “You are confused” ni kuitia kasoro akili yake, na “You are confusing me” ni kumshtaki. Kwa Kiswahili tungemwambia mkubwa, “Samahani mzee, sijakuelewa vizuri,” tukilibeba jukumu sisi wenyewe. Kiingereza cha ofisini kina njia ileile: “I'm sorry, I didn't quite follow the last point”, au “Could you please clarify paragraph three?” Pale pande zote mbili zinapokuwa zimeelewa tofauti, andika “There seems to be some confusion about the date”. Sentensi hiyo haimtaji mkosaji, na mara nyingi huokoa uhusiano wa kikazi.

Hatua ya 11: Hakikisha, kisha ujizoeze

Ukishachagua neno, litafute katika hazina za maandishi halisi kama British National Corpus, yenye maneno milioni 100, au Corpus of Contemporary American English, yenye maneno zaidi ya bilioni moja. Zote zinapatikana kwenye intaneti. Soma sentensi kadhaa, uone neno hilo linaandamana na watu gani, vihusishi gani na vielezi gani. Kisha fungua maandishi yako ya zamani, utafute kila mahali ulipoandika “confus-”, na ujiulize swali la hatua ya kwanza.

Zoezi la kuanzia ni hili: “Wageni walichanganyikiwa kwa wingi wa mabango katika uwanja wa ndege. Mmoja alichanganya begi lake na la mwenzake. Karani alichanganyikiwa foleni ilipomzidi, na tangazo la safari lilichanganya kwa sababu lilitaja nyakati mbili tofauti. Mama mmoja aliyempoteza mwanawe katika umati alichanganyikiwa kabisa.”

Tafsiri ninayoipendekeza ni: “The visitors were bewildered by the number of signs at the airport. One of them mistook another passenger's bag for his own. The clerk became flustered as the queue grew, and the flight announcement was contradictory, giving two different times. A mother who had lost her son in the crowd was frantic.”

Kitenzi kimoja cha Kiswahili, katika maumbo yake, kimezaa maneno matano, na “confused” halimo hata mara moja. Wageni wameelemewa na wingi, begi limechukuliwa kwa kudhaniwa, karani amepoteza utulivu ingawa kazi anaijua, na tangazo limejipinga lenyewe. Kuhusu mama, nimechagua “frantic” badala ya “distraught” kwa sababu bado anamtafuta mwanawe; “distraught” lingefaa kama angekuwa amekwisha kuletewa habari mbaya.